Funga wiki ya zamani kabla hujapanga mpya (fundi mashine, Newala)

Chana huo ukurasa wa malengo 10, mkuu. Nimesoma swali lako mara mbili. Una kibanda cha kushona Nachingwea, umeanza kukaa kila Jumapili usiku kuandika malengo 10 ya wiki, unauliza siku ipi inafaa, utumie daftari au programu ya simu, na vijana wako wawili uwaingize vipi kwenye utaratibu huo. Kilichonichoma ni maneno uliyoyatupia mwishoni: kuna gauni la bibi harusi linasubiri zipu, lakini hilo ni la wiki iliyopita, tugange yajayo. Hapo hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia dawa mikorosho. Miaka kadhaa nyuma nililipa shilingi 30,000 kuingia semina Mtwara mjini. Mwalimu akatuambia mtu wa maendeleo haangalii nyuma. Jumapili usiku unafungua ukurasa mweupe, unaandika malengo 10, yaliyopita si ndwele. Nikarudi Newala nimejaa moto.

Mwezi wa saba mzee mmoja wa Kitangari akaniletea mashine, inawaka na kuzima. Nikaifungua, nikakuta diaframu ya kabureta, kile kiwambo chembamba cha kuvuta mafuta, imekakamaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, njoo Jumanne." Nikaagiza kipuri Masasi, kikafika na basi Alhamisi. Jumamosi mteja mwingine akasimama mlangoni ana haraka, fedha mkononi. Nikachukua ile diaframu nikamfungia yeye, nikijiambia ya mzee nitaagiza nyingine. Jumapili usiku nikaandika malengo yangu: kupaka rangi karakana, kuchongesha kibao, kutafuta wateja Tandahimba. Diaframu ya mzee haikuandikwa popote, kwa sababu ilikuwa ya wiki iliyokwisha. Mashine yake ikasukumwa chini ya meza, juu yake nikabwaga boksi la vipuri vibovu. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mzee hana simu. Alikuja mara moja asinikute.

Wakulima wa korosho mnajua. Mkorosho ukitoa maua asubuhi zile za baridi na umande, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haumngoji mtu. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri majani yakiwa bado na umande, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Kuazima mashine wakati huo huwezi, kila mwenye nayo yuko shambani kwake. Ya mzee ililala kwangu siku 23. Maua yake yakafunikwa unga mweupe, yakakauka mtini. Msimu uliotangulia alipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, magunia 14. Huo alipeleka 3.

Alikuja na mwenyekiti wa kitongoji, wakakaa kwenye benchi langu. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba bado, ningeipeleka kwa fundi mwingine." Nililipa shilingi 850,000 kwa awamu, nikamaliza msimu uliofuata. Wateja wa Kitangari walihama, na wengi mpaka leo hawajarudi. Fedha iliuma, lakini yale maneno ya mzee yaliniuma zaidi, kwa sababu kumwambia kungenigharimu nauli ya bodaboda.

Yule mwalimu sijamsamehe. Methali ile ni ya kupatanisha watu waliogombana. Yeye akaigeuza ruhusa ya kutelekeza mali za watu! Hajawahi kupokea kitu cha mtu akakipangia siku. Akakusanya fedha zetu, akapanda basi la jioni.

Wiki haipangwi kabla haijafungwa, na haifungwi kwa kukaa na kukumbuka. Inafungwa kwa mkono. Mimi nafunga Alhamisi baada ya alasiri. Kila mashine inatoka chini ya meza, naishika, nasema ni ya nani, inasubiri nini, mwenyewe ameambiwa nini. Likikosekana jibu moja, napiga simu hapo hapo au namtuma mtu, hata kama sina jipya la kumweleza. Mashine iliyofikisha siku 7 inahamia mlangoni na inatangulia, aje mteja gani. Fedha iliyotangulizwa kwa kipuri naihesabu pamoja na kipuri chenyewe. Vyote viwili visipokuwepo, najua nimekula cha mtu na nakirudisha kabla sijalala.

Jumapili usiku haikufai kwa sababu duka la vipuri limefungwa na mwenye mali amelala, kwa hiyo kosa ukiliona huwezi kulifanya lolote. Alhamisi jioni bado naagiza Masasi, Ijumaa kipuri kinapanda basi, nikitoka msikitini nakifuata stendi. Kupanga kwenyewe hakumalizi robo saa. Viporo vinachukua Jumatatu na Jumanne, wateja wapya wanapewa siku zinazobaki, na siku zikijaa namwambia mtu ukweli kwamba wiki hii siwezi.

Leo Jumatano. Kesho alasiri shusha vitambaa vyote kutoka rafuni, kimoja kimoja, vijana wako wakiwepo. Ila lile gauni lisingoje kesho. Mpigie bibi harusi sasa hivi, mwambie zipu haijapatikana, umuulize harusi ni lini.