Presha, mbaazi na chumvi iliyojificha

Tangu niambiwe nina presha, nyama na samaki nimeviweka kando, na hapa Malindi hilo si jambo dogo. Wengi huniuliza kama majani yanashibisha. Yanashibisha. Lakini kuacha nyama peke yake hakushushi presha. Viazi karai havina nyama. Bajia hazina nyama, wala achari ya embe. Ukishinda na hivyo kutwa, umekula chumvi nyingi kuliko jirani aliyekula kipande chake cha samaki.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti uitwao DASH. Watu walilishwa mboga, matunda na jamii ya kunde kwa wingi, nafaka zisizokobolewa, maziwa yenye mafuta kidogo, na nyama ikapunguzwa. Kwa wenye presha, namba ya juu ilishuka kama 11 kwa wastani, bila hata kuguswa chumvi. Utafiti wa 2001 ukaonyesha kwamba chumvi nayo ikipunguzwa, inashuka zaidi. Mboga na matunda vina potasiamu, inayosaidia figo kutoa chumvi na mishipa kulegea.

Basi jikoni. Mbaazi nazilaza majini usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji na kuzichemsha mpaka zilainike kabisa. Tui natumia la pili. Kasimile, yaani tui la kwanza, naiacha, kwa kuwa mafuta yake ni mazito. Natia kitunguu, thomu, bizari na pilipili mbichi. Chumvi hungoja mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa, maana hapo kidogo tu ulimi unaihisi. Kisha nakamulia ndimu, na ule ukali wake ndio unaowafanya wanangu wasiulize chumvi iko wapi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sisi tuko wanne. Kila asubuhi napima vijiko viwili vya chai, vya kufuta, kwenye kikombe cha kahawa, na hiyo ndiyo chumvi ya nyumba nzima hadi usiku; nyingine imo tayari kwenye mkate wa dukani. Hapa tulipo, karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, chumvi ni rahisi na mkono huzoea kumwaga. Vidonge vya mchuzi navyo nimevitoa kabisa.

Dawa usiache, nakuomba sana. Mwenye figo dhaifu amuone daktari kwanza: mchicha, ndizi na madafu vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa ni hatari kwa moyo. Baadhi ya dawa za presha pia huizuia isitoke mwilini. Ukiacha mpaka maziwa na mayai, uliza kuhusu vitamini B12.

Ukipima presha, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Andika namba na tarehe kwenye daftari, uende nalo kliniki. Kwa namba hizo daktari ataamua kama dawa zipunguzwe au zibaki.