Mkate wa maana na chakula cha shambani ukija likizo, Iringa hadi Matema

Mleta mada yuko Dar, anakuja Julai na mume wake na watoto wawili. Wataanzia Iringa, watalala Mbeya mjini, kisha watashuka Tukuyu mpaka Matema. Anasema likizo ya mwisho mikoani waliishia kula chipsi kuku na mkate wa nailoni mtamu kupita kiasi, na safari hii anataka mkate wa maana na chakula cha huku huku. Waliotangulia kumjibu wamemtajia hoteli. Dada, hoteli tuziache kwanza. Nimekulia Mafinga, nikasoma Iringa, sasa naishi Mbeya, na nyumbani kwangu mazungumzo mengi huanza na "leo sokoni kuna nini".

Tuanze na mkate, maana ndio mgumu. Wenyeji wengi huku hawaanzi siku kwa mkate. Rungwe utakuta chai ya maziwa na magimbi au ndizi za kuchemsha, Njombe na Makete ni viazi, na mjini ni maandazi na chapati. Mkate wa slesi unaoukuta dukani umeletwa na gari, unasubiri mteja, na hautofautiani na wa Ubungo kwa sababu unga ni ule ule. Ngano nyingi tunayokula nchi hii inatoka nje na inapita kwenye vinu vile vile vikubwa. Ukiingia duka moja la mkate baada ya jingine Mbeya mjini saa nane mchana utachoka bure.

Kinachosaidia ni kubadilisha swali. Usiulize mkate mzuri unauzwa wapi, uliza wanaoka wapi. Mwenye duka atakuonyesha duka lake. Dereva wa bajaji anayeanza kazi alfajiri, au mama anayeuza chai stendi, huyo anajua tanuri liko uchochoro gani, kwa sababu ndiko anakochukua mzigo wake. Bekari ndogo za mtaani zipo Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya, nyingine hazina hata kibao. Nenda kabla jua halijakaa vizuri, au jioni kama wanaoka mara mbili. Saa nne asubuhi utakuta trei tupu na kijana anafagia.

Mkate wa tanuri la kuni ugeuze utazame kitako. Kinatakiwa kiwe kahawia iliyokolea, kikavu, pengine na chembe ya majivu imeng'ang'ania, na ukikigonga kwa kidole usikie mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ukikuta kitako cheupe na laini, rudisha, huo ndani bado una ubichi. Halafu angalia nailoni. Matone ya maji kwa ndani maana yake mkate ulifungwa ukiwa wa moto. Hata kama ni wa leo, kesho kutwa unaota ukungu. Ukiuchukua moto, uache wazi upumue, ufunike kwa kitambaa, usiukate kwanza. Najua watoto hawatakubali.

Julai ina faida ambayo watu wa Dar hawaifikirii. Usiku wa Iringa na Mbeya ni baridi kweli, na hamira kwenye baridi inafanya kazi polepole. Mwokaji anayejua kazi yake anakanda jioni, anafunika, unga unaumuka usiku kucha. Huko kwenu joto likiukuta unga uliokandwa, baada ya muda mfupi umeshafurika beseni, ikabidi sukari iongezwe ndipo mkate upate ladha. Ule uliolala una uchachu kidogo, una harufu, na hauhitaji sukari wala siagi. Ukimwuliza mwokaji "unakanda saa ngapi?" akajibu "jana jioni", nunua miwili.

Kuna mkate mwingine ambao mimi naupenda zaidi, wa ngano ya huku. Makete, na milimani Uporoto na Umalila upande wa Mbeya, watu wanalima ngano na kuisaga mashineni na pumba zake. Unga wake ni wa kahawia, unapimwa kwa kisado kama unga mwingine, na unaupata masoko ya Njombe na Makambako, wakati mwingine Uyole, pale Mbeya. Mkate wake ni mzito na hauumuki sana. Vipande viwili na chai ya maziwa unafika saa saba bila kulalamika. Chapati zake ni ngumu kidogo, nisikufiche, watoto waliozoea za mafuta wanaweza kuzisusa. Mkate wenyewe ulivyookwa vizuri nimeupata kwa masista. Nyumba kadhaa za masista upande wa Njombe na Iringa zina tanuri lao, kwa ajili yao wenyewe, shule zao na wageni. Zinazouza zinategemea siku. Piga hodi, "Tumsifu Yesu Kristo" haikuumizi hata kama si mkatoliki, uliza kwa upole. Mara nyingi utaambiwa agiza leo uje kesho, basi agiza.

Mkiwa Iringa mjini na mnataka kukaa chini kwa utulivu, pitieni mgahawa wa Neema Crafts. Ni kazi ya watu wenye ulemavu, wahudumu wengi ni viziwi na unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Watoto wataipenda sehemu hiyo kuliko keki yenyewe. Hapo hapo mjini chukueni mtindi wa Asas, kiwanda kiko Iringa, kwa hiyo haujasafiri.

Njiani kutoka Dar vitunguu ni Ruaha Mbuyuni, kabla ya kupanda Kitonga, na nyanya ni Ilula ukishamaliza mlima. Mkiwa na gari lenu, shukeni mchague. Ile ya kununua dirishani mwa basi huku konda anapiga mluzi, unanunua kilicho juu ya ndoo, na cha chini utakutana nacho nyumbani.

Soko Kuu la Iringa ndilo sehemu yangu ya kuanzia likizo yoyote. Kabla ya chakula nunua kikapu cha milulu, kile cha Iringa chenye mistari ya rangi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mingine laini inayouzwa sokoni inachanika ukiweka viazi. Kisha salimia "kamwene" hata kama lafudhi ni ya Kariakoo. Bei haishuki sana ila fungu linaongezwa. Julai mvua zimeshakatika siku nyingi, kwa hiyo mboga nyingi unazoziona zimetoka kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayoshika unyevu kiangazi. Chukua figiri, majani ya maboga, na njegere zikiwa bado kwenye maganda. Njegere zilizomenywa tayari na kukaa kwenye beseni la maji zikwepe, hujui zimeshinda humo tangu lini. Maharage nayo ni mapya msimu huo, yametoka shambani juzi juzi, ganda lake linang'aa.

Ulanzi, pombe ya mianzi, utasikia unasifiwa. Ule ni wa masika, mianzi inagemwa wakati wa mvua, na mtamu ni ule wa siku ile ile. Ukiletewa chupa Julai, shukuru tu upite.

Mbeya mjini wengi watakupeleka Mwanjelwa. Ni soko kubwa, vitu vyote vipo, lakini mzigo umeshapita mikono miwili mitatu. Mimi naenda Uyole asubuhi, kwenye njia panda ya Tukuyu, magari ya kutoka Uporoto na Rungwe yanaposhusha. Viazi vina udongo mbichi, kabichi zina umande. Kahawa ya huku unaweza kuipata bila kufika Mbozi: pale Utengule, upande wa Mbalizi, kuna lodge yenye shamba lake la kahawa.

Kama mmepanga nyumba yenye jiko, kumbukeni Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanakula mkaa mpaka mnaanza kulaumu jiko. Yaloweke usiku kucha, na chumvi weka mwisho.

Sasa barabara ya Uyole kwenda Kyela, na hapa ndipo ningekaa siku nyingi kuliko kote. Unapanda kwanza mpaka Isyonje, zaidi ya mita 2,000, kisha unashuka moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa lililo kwenye mita 470 na kidogo. Chakula kinabadilika kadiri unavyoshuka. Juu ni viazi, kabichi na karoti, na kuna njia ya kukata kwenda Kitulo na Makete. Ukifika Kiwira na Tukuyu ni migomba, chai na parachichi, tena Julai ni msimu wa Hass, zile za kwenda nje ya nchi. Zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya doa la ganda zinauzwa pembeni mwa barabara, na ndani hazina tofauti yoyote. Mkate wa kahawia uliobaki, parachichi la Tukuyu, chumvi na ndimu: hicho ndicho kifungua kinywa chenu, msiende kulipia kingine lodge.

Tukuyu kuleni ndizi kwa mama ntilie, zile zilizopikwa na maharage au nyama mpaka zikalegea. Nendeni saa sita kamili, sufuria ya kwanza. Na maziwa yapo mengi, ng'ombe wa Rungwe wanafugwa bandani na wanakamuliwa vizuri, ila mabichi yachemsheni kwanza hata kama mwenye ng'ombe anakunywa hivyo hivyo mbele yenu.

Kyela ni mchele. Kila gunia kuanzia Mbeya hadi Dar linaitwa wa Kyela, na mengi yamechanganywa na mchele wa Mbarali, ambao si mbaya ila bei iwe yake. Chota kiganjani, pumulia pumzi ya moto mara moja, nusa papo hapo. Wa Kyela unajibu. Ukikaa kimya, weka chini. Julai utapata mpya. Huo upunguzie maji, la sivyo unapata bokoboko.

Matema samaki wanafika asubuhi na mitumbwi, na mkichelewa wachuuzi wamewatangulia. Mbasa ndiye mwenye jina, ana mafuta na ladha, ila ana miiba midogo mingi, kwa hiyo watoto wachukulieni perege. Mwambieni mpishi wa mnapolala awakaange bila kuwafunika viungo vya pakiti. Wengi wanakubali kupika samaki uliyemnunua mwenyewe ukimpa kitu kidogo, lakini mwambie asubuhi, asipewe habari saa moja usiku. Kama Jumamosi itawakuta huko, tembeeni hadi Lyulilo kwenye soko la vyungu vya Wakisi. Chungu kimoja cha maharage kinabebeka kwenye kikapu kile cha Iringa, kizungushieni kanga.

Mkate huko chini msiutafute. Kuna maandazi asubuhi na mihogo, na joto la ziwani linauharibu ule wa tanuri haraka. Kutoka Mbeya beba wa kutosha siku moja tu.

Kurudi Dar, mchele na maharage havina shida. Parachichi chukueni gumu kabisa, likiwa bado na kikonyo, mlipange kwenye boksi lenye matundu, na msikubali konda aliweke buti upande wa injini.