Moyo unadunda, sababu huijui: maswali yenu na majibu yangu

Nauza kanga Soko Kuu, Mtwara mjini. Natundika doti nne za chapa moja, kiwanda kimoja. Mteja anazipapasa zote, anachukua ya mwisho kulia, ananiambia hii ndiyo nzito. Ananidanganya?

Hakudanganyi, dada. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Nisbett na Wilson, walieleza kisa kama chako: watu walipangiwa jozi nne za soksi ndefu za kike, zote sawasawa, na za kulia kabisa zikachaguliwa zaidi ya nyingine. Walipoulizwa sababu, wakasifu ubora. Hakuna aliyetaja mahali zilipokaa. Huenda mteja wako anausikia uzito huo kweli mkononi.

Msimu uliopita salfa ilinikaba nikipulizia mikorosho huku Tandahimba, nikaanguka. Sasa nikisikia tu mashine ya jirani inawashwa, jasho linanitoka na magoti yanalegea. Mama anasema nimerogwa.

Pole sana, kaka. Hujarogwa, wala si mwoga. Mwaka 1911 daktari Claparède wa Geneva aliandika habari za mgonjwa wake aliyepoteza kumbukumbu, mama ambaye kila siku ilibidi atambulishwe upya kwa daktari wake. Siku moja daktari akampa mkono huku ameficha pini kati ya vidole. Baadaye yule mama hakukumbuka kuchomwa, lakini aliponyooshewa mkono tena akaurudisha wake haraka. Jaribio hilo linaniuma. Mgonjwa hachomwi pini. Ila linaonyesha kuwa woga una kumbukumbu yake, hausubiri akili ikumbuke.

Wewe tukio unalikumbuka, lakini magoti yanakutangulia. Mwombe jirani aiwashe mashine bila salfa, wewe ukae mbali barazani na mtu unayemwamini, mpaka moyo utulie. Kesho sogea hatua chache. Usijilazimishe. Na kifua kikibana hata pasipo mlio, nenda hospitali. Salfa yenyewe hudhuru mapafu. Mama mweleze taratibu, naye ana hofu juu yako.

Niko Lindi. Ni kweli matangazo ya televisheni huficha maneno ya kutulazimisha kununua soda?

Uvumi huo ulienezwa na Mmarekani James Vicary mwaka 1957, akidai maneno yaliyopita upesi mno kwenye sinema yaliongeza mauzo ya bisi na Coca-Cola. Mwaka 1962 akakiri ulikuwa ujanja tu. Kinachotuvuta kiko wazi: kurudiarudia. Mwanasaikolojia Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tukikiona mara nyingi, huanza kutupendeza. Ule wimbo wa tangazo uliokukera Jumatatu, Ijumaa unauimba jikoni ukikuna nazi.