Jibu: Mafunzo ya uongozi kwa wanawake mameneja, yana faida au ni posho tu?

Kwa dada aliyeuliza kama akubali mwajiri ampeleke kwenye mafunzo ya uongozi ya wanawake, au huko ni posho na picha za pamoja tu: kubali, ila kwanza angalia ratiba. Kama hakuna somo la bodi na hesabu, omba upelekwe kwingine.

Mimi ni meneja rasilimali watu hapa Dar na nimepitia mafunzo ya aina hiyo. Vipindi vya kujiamini havikunipa kitu kikubwa. Wengi mle tulishaongoza watu miaka mingi. Kilichonifungua macho ni mchana tuliogawiwa kabrasha la bodi la kampuni ya mfano. Ukurasa wa mbele, faida nono. Mwezeshaji akauliza, mnaidhinisha gawio? Mikono ikanyooshwa. Mama mmoja, muuguzi kwa taaluma, akasema ngojeni kwanza, mbona benki hakuna hela? Tukafungua mtiririko wa fedha: mauzo karibu yote ni ya mkopo, wadaiwa hawajalipa kwa miezi, mishahara inatoka kwenye mkopo wa muda mfupi. Tangu siku hiyo kabrasha likinifikia naanza na fedha taslimu na wadaiwa, maneno ya menejimenti baadaye.

Nasisitiza hesabu kwa sababu wanawake wengi tunapandia utumishi, mawasiliano na huduma kwa wateja, wakati nafasi ya juu kabisa huwaendea waliosimamia fedha, mauzo au uendeshaji. Hakuna anayekuzuia waziwazi. Jina lako tu halitajwi. Ruth Zaipuna, kabla ya kuiongoza NMB, alikuwa ofisa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo.

Norway walilifanyia kazi jambo hili mapema. Mwaka 2003 walipitisha sheria ya asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi za kampuni za umma za hisa, na mwaka huohuo chama chao cha waajiri, NHO, kikaanzisha Female Future ili kuandaa wanawake wa kukaa kwenye viti hivyo. Programu hiyo ndiyo iliyoletwa kwetu kupitia Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kwa jina la Mwanamke Kiongozi, na ina mambo matatu: uongozi, kazi ya bodi, na kuzungumza mbele ya watu. Wakenya wanayo kupitia shirikisho lao la waajiri, FKE. Mwajiri wako akiwa mwanachama wa ATE, anzia kwa mtu wa utumishi ofisini kwako.

Sasa la muhimu kuliko yote: kabla hujaondoka, kaa na bosi wako mkubaliane ukirudi unapewa nini. Cheti bila jukumu jipya hakikusogezi popote. Omba kitu kinachoshikika: bajeti ya idara nyingine, nafasi ya kuwasilisha taarifa mbele ya kamati ya ukaguzi, au nafasi ya mjumbe kwenye bodi ya kampuni tanzu. Yaandikwe kwenye malengo yako ya mwaka, maana mabosi huhamishwa.

Na mafunzo haya huenda kwa awamu huku kazi zikiendelea. Tafuta wa kukukaimu mapema, apewe na mamlaka ya kusaini, la sivyo kila mapumziko ya chai utakuwa kwenye simu unaidhinisha malipo.