Maswali ya Wasomaji: Samaki kajaa kwenye skrini, mbona mishipi haiguswi?

Mashine yangu ya kutafutia samaki ina masafa mawili, kilohezi 83 na 200. Kwenye mwamba wa mita 30, nikiweka 83 skrini inajaa samaki, lakini nikishusha mishipi hakuna anayegusa. Nikiweka 200 karibu wote wanatoweka. Nishike ipi?
*Mvuvi wa mishipi, Tanga*

Zote mbili zinasema kweli, ila haziangalii eneo moja. Sauti ikitoka kwenye transduza, kile kidude kinachofungwa tezi (nyuma ya chombo) chini ya maji ili kitume sauti na kupokea mwangwi wake, hutanuka kadiri inavyoshuka, umbo lake likawa koni. Kwenye mashine nyingi za aina yako, 200 hutoa koni yenye pembe ya nyuzi 20 hivi, na 83 hutoa nyuzi 60. Kariri hivi: kwa nyuzi 20, upana wa duara la chini ni theluthi ya kina na kidogo juu yake, kwa nyuzi 60 ni kina chenyewe na ziada. Kwa mita 30 zako, hilo ni duara la mita 10 na nusu, na jingine la karibu mita 35. Basi samaki uliyemwona kwenye 83 huenda yuko mita 17 pembeni, na skrini haikwambii ni kulia, kushoto, omo (mbele) au tezi. Mashine inajua umbali tu, mwelekeo haijui.

Koni pana ina kasoro nyingine, nayo huwaponza wavuvi wa mwambani kuliko ile ya kwanza. Mashine huchora sakafu pale mwangwi wa chini unapoanza kurudi. Samaki aliye ukingoni mwa koni, njia ya sauti yake ni ya mshazari, kwa hiyo ni ndefu. Mwangwi wake ukifika baada ya ule wa chini, unamezwa. Kwa nyuzi 60 kwenye mita 30, ukingoni kabisa mita 4 za mwisho hazionekani. Kwa nyuzi 20 ni nusu mita tu. Na chewa makao yake ni humohumo chini.

Kwa hiyo tafuta kwa 83, vua kwa 200. Ukiona dalili kwenye 83, badilisha masafa, kisha pita hapo polepole kwa njia mbili zinazokatana. Samaki akitokea kwenye 200, yuko ndani ya mita 5 hivi kutoka chini ya transduza. Weka alama ya GPS papo hapo, maana kwenye skrini ni ukingo wa kulia tu unaoonyesha sasa. Mengine yote yamekwisha kupita. Halafu sogea upande mkondo unakotoka ndipo ushushe.

Kagua pia transduza imekaa wima boti ikiwa na watu na mafuta yake. Ikiinama nyuzi 10, kwa mita 30 koni nzima inahama zaidi ya mita 5, na hapo hata 200 itakudanganya.

Ukingoni mwa mwamba mashine inasoma mita 42, lakini mshipi unashuka mita 48. Mashine ni mbovu?
*Msomaji, Mombasa*

Si mbovu. Kwenye mteremko, mwangwi wa kwanza unatoka sehemu ya chini iliyo karibu zaidi ndani ya koni, yaani upande wa juu wa mteremko, si pale ulipo wima. Mteremko wa nyuzi 30 wenye kina halisi cha mita 48, koni ya nyuzi 60 itausoma kama mita 42. Koni ya nyuzi 20 itausoma 44. Samaki aliyejibana kwenye ukuta huo hatokei kabisa. Ila kwanza hakikisha mkondo haulazi mshipi, kwa sababu mshipi uliolala nao hutumia mita nyingi kuliko kina.

Huku ziwani Victoria, kwenye mita 6, sioni yale matao, alama za samaki zilizopinda kama upinde, ninayoyaona kwenye picha za matangazo. Naona vistari vifupi tu.
*Mvuvi wa sangara, Mwanza*

Tao linachorwa kwa sababu samaki anapoingia kwenye koni yuko mbali, akifika katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena. Kwa nyuzi 20 kwenye mita 6, tofauti ya umbali huo ni sentimita 9, ambayo kwenye skrini ni nukta chache tu, na duara lenyewe ni mita 2. Boti ikikimbia, samaki anapigwa na milio michache na kupita. Vistari vyako ni samaki halali. Weka 83 upate duara la karibu mita 7, punguza mwendo, na uzime zile picha za visamaki, maana mashine huchora samaki hata kwa mapovu. Ukitia nanga usitarajie tao: samaki aliyetulia chini yako atakuwa mstari mrefu.

Boksi moja la transduza limeandikwa nyuzi 12, jingine 20, yote kilohezi 200. Ninunue lipi?
*Msomaji, Kilwa*

Huenda ni koni ileile. Wengine hupima pale nguvu ya sauti inapobaki nusu, wengine pale inapobaki moja ya kumi, na transduza yenye nyuzi 12 kwa kipimo cha kwanza ina takriban 20 kwa cha pili. Nje ya mipaka hiyo sauti bado ipo; ukipandisha usikivu, samaki wakubwa wa pembeni wanaanza kuonekana, kana kwamba koni imepanuka. Mwulize muuzaji kipimo kimechukuliwa wapi. Asipojua, linganisha kipenyo cha kisahani cha ndani kinachotoa sauti kwenye karatasi ya maelezo: kwa masafa yaleyale, kisahani kikubwa ndicho chenye koni nyembamba.