Kwa Nini Dreamliner Haina Vibawa vya Ncha?

SWALI: Ndege ya Airbus A220 ya Air Tanzania ina vibawa vilivyoinuka kwenye ncha za mabawa yake, lakini Boeing 787 Dreamliner ya shirika hilohilo, ambayo ni kubwa na huruka mbali zaidi, haina. Ikiwa vibawa hivyo hupunguza matumizi ya mafuta, mbona ndege kubwa imenyimwa?
Msomaji, Kipawa, Dar es Salaam

JIBU: Haikunyimwa, ilipewa njia nyingine ya kufikia lengo lilelile. Ndege inaporuka, mgandamizo wa hewa chini ya bawa huwa mkubwa kuliko wa juu yake, hivyo hewa ya chini huizunguka ncha na kupanda juu ikijisokota, na msokoto huo huzaa ukinzani ambao injini hulazimika kuushinda kwa kuchoma mafuta zaidi. Dawa yake ya asili ni kurefusha bawa. Kibawa kilichoinuka humfaa zaidi mhandisi aliyekosa nafasi ya kurefusha.

Nafasi hiyo haimo angani, imo uwanjani. Kanuni za kimataifa za viwanja huzigawa ndege kwa upana wa mabawa, na kundi la A220 halitakiwi kufika mita 36, ilhali yenyewe tayari ina mita 35.1, kilichobaki ni kwenda juu. Dreamliner aina ya 787-8 ina mita 60.1 katika kundi ambalo kikomo chake ni mita 65, kwa hiyo wabunifu wake waliweza kuinyoosha ncha kwa mlalo, wakaichonga iwe nyembamba na kuilaza kuelekea nyuma.

Kibawa nacho kina gharama zake: huongeza uzito, huongeza eneo linalosuguana na hewa, na hulipinda zaidi shina la bawa, ambalo hulazimika kuimarishwa. Gharama hiyo hufidiwa na mafuta yanayookolewa kwenye safari ndefu. Ndiyo maana Boeing 747-400 ya masafa marefu ilikuwa na vibawa, lakini 747-400D, iliyoundwa kwa safari fupi za ndani ya Japani, haikuwekewa, uamuzi ambao kwangu mimi ndio ushahidi ulio wazi kuliko hesabu yoyote.

Kwenye Boeing 777X, ambayo pia haina vibawa, wahandisi walichagua mabawa ya mita 71.8, kisha wakaweka bawaba karibu na ncha ili zikunjwe ndege ikiwa chini na upana urudi mita 64.8.