Tela, masika na mteremko wa Uru

Watu wakisikia naogopa kuvuta tela mwezi wa Aprili, wananicheka. "Una foo wili, unaogopa nini?" Foo wili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, inakupandisha. Kushuka ni habari nyingine.

Nililijua hilo nikitoka Uru, huko mlimani Kilimanjaro, na ndizi za kupeleka soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, udongo mwekundu unang'aa kama umepakwa mafuta. Mikungu mizito nilikuwa nimeipanga nyuma kabisa ya tela ili nisipate shida kushusha. Uvivu tu. Kwenye mteremko nikagusa breki. Gari likapunguza mwendo, tela halikupunguza, maana halina breki zake. Kwenye kioo cha pembeni nikaliona linanijia ubavuni kama linaomba kupita. Tukaishia kwenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani) cha mzee mmoja, ambaye kabla ya kunipa pole aliuliza nani atalipa migomba yake minne. Alikuwa na haki.

Kosa langu lilianzia kwenye upakiaji. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tela, ule mhimili wa matairi yake, unanyanyua mkia wa gari, na matairi ya nyuma yanagusa barabara bila kuishika. Siku hizi mzigo mzito naulaza mbele kidogo ya ekseli, ili kama sehemu ya kumi ya uzito wote ilalie kwenye ndoano ya gari inayovuta tela. Tela la kilo 500 likandamize kilo 50 hivi, yaani mfuko mmoja wa saruji. Ukizidisha, matairi ya mbele ya gari yanakuwa mepesi na usukani hausikii.

Gia naichagua nikiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza: ya kwanza au ya pili, na hiyo hiyo mpaka chini. Tela likianza kucheza mkia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, breki usiikanyage kwa nguvu. Kuandika ni rahisi; mguu wenyewe unataka kukanyaga.

Shemeji yangu yuko Ujerumani, huvuta karavani hadi milima ya Alps wakati wa baridi. Nilipomsimulia alisema ni yaleyale, ila kwao ni theluji. (Yetu iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaitazama tu kutoka mjini.) Huko Ujerumani gari lenye tela kwa kawaida halizidi kilomita 80 kwa saa hata barabara ikiwa kavu, na theluji ikizidi hufunga minyororo kwenye matairi yanayosukuma gari. Nimeijaribu kwenye tope letu, inashika kweli. Ukifika lami, ivue.

Ukikwama unapopanda, usijaribu kurudi kinyumenyume, tela litajikunja. Utingo ashuke aweke mawe nyuma ya matairi, kisha mpunguze mzigo.

Na mvua ikinyesha usiku kucha, siku hizi nasubiri mpaka saa sita mchana. Yule mzee bado tunasalimiana vizuri, ila akiniona na tela anasogea kwanza nyuma ya mparachichi wake.